Chupa ya mjomba na dripu nyekundu

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 34, mtoto wa kwanza kati ya wanne, naishi Mbagala na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 58. Mwishoni mwa mwaka jana alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto, akakaa nao kimya miezi minne kwa kuogopa kutusumbua. Tulipokuja kujua tulihangaika hapa na pale mpaka tukafika Ocean Road, hospitali ya saratani. Wakachukua kinyama, majibu yakarudi saratani. Daktari alituelewesha vizuri: kemo nne za kwanza, halafu nne za aina nyingine, uvimbe ukishanywea ndipo apasuliwe.

Kemo mbili ameshapata. Ile dripu ni nyekundu kama juisi ya rozela, na siku ile ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu, mama akapiga kelele kwamba anakojoa damu. Nywele zimeisha, mdomo ulijaa vidonda, chakula kikawa hakipiti. Tulipokwenda kwa ajili ya tatu, walimpima damu wakasema chembe nyeupe zimeshuka mno, turudi baada ya wiki moja. Mama alilia kwenye daladala kuanzia Kivukoni mpaka Rangi Tatu.

Jioni hiyohiyo akaja mjomba. Huyu ni kaka yake mkubwa mama, ndiye aliyemlea baada ya babu kufariki, na neno lake nyumbani kwetu halina rufaa. Alikuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, ndani kuna kitu cheusi kinachonuka kama majani yaliyolala kwenye mvua. Ameinunua Kariakoo kwa mtu anayemwamini, shilingi 90,000, na dozi ni chupa sita. Anasema ina majani ya mstafeli, mlonge, mwarobaini na mizizi miwili ambayo mwenye dawa hasemi. Hoja yake ni hii: hospitali wenyewe wamekiri kemo imeua kinga, dawa hii inapandisha kinga, na kinga ikipanda saratani inakufa yenyewe. Kwenye simu yake ana habari kwamba wanasayansi wamethibitisha maji ya majani hayo yanaua seli za saratani.

Mama aliinywa, glasi asubuhi na jioni. Siku tano tumbo lilimwendesha, hakulala, na ile tarehe ya kurudi hospitali ikapita yuko kitandani. Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Chupa ya pili ilipoletwa, usiku niliimwaga chooni, nikaijaza chai ya rangi nzito isiyo na sukari, yenye tangawizi.

Mama, huwezi kuamini. Siku ya pili alisema, "Hii mtaalamu kaipunguza ukali, ni nzuri." Uji anamaliza kikombe. Juzi amefua kanga zake mwenyewe. Kila asubuhi anampigia mjomba simu ya kumshukuru. Na sasa ameniambia harudi tena kwenye kemo. Tarehe mpya ni Jumatano ijayo. Mjomba naye anatafuta mteja wa pikipiki yake ili alipie chupa nne zilizobaki.

Naomba uniambie: kuna ukweli wowote kwamba mimea inatibu saratani kwa kupandisha kinga? Na mimi nifanye nini? Nikimwambia mama ukweli hataniamini tena maisha yake yote. Nisipomwambia, atakufa kwa ajili ya chai yangu.

Mwana wa Kwanza, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nikifika pale pa chai ya rangi nacheka, Mungu anisamehe. Kwenye pikipiki kicheko kikakatika.

Nianze na jambo ambalo nadhani hujaliona. Ulimwaga dawa ya mjomba ili umlinde mama, lakini ulichokifanya ni kumtafutia mjomba shahidi. Chupa yake halisi ilimwendesha mama tumbo. Ingeendelea siku tano nyingine, mama mwenyewe angeikataa. Wewe ukaingiza chai, tumbo likatulia, na nafuu yote ikaandikwa kwa jina la mtu wa Kariakoo. Chai yako ndiyo inayomtoa mama kwenye kemo. Kwa hiyo ukweli lazima usemwe, tena kabla ya Jumatano. Nitarudi hapo.

Hiyo nafuu yenyewe si muujiza wala si uongo. Kemo ya aina hiyo huangusha chembe nyeupe, na mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dripu, kisha uboho wa mifupa unaamka na kuzitengeneza upya. Ndiyo maana dripu hupangwa kila baada ya siku 21, na damu hupimwa kwanza. Mama yako sasa hivi ameshapita siku hizo kwa mbali. Vidonda vya mdomo vimepona, ladha imerudi, mwili umepumua. Angefua kanga hata kama ungemwekea maji ya bomba. Ongeza na kuongea na kaka yake kwa simu kila asubuhi, hilo nalo ni chakula.

Wekundu wa mkojo ni rangi ya dawa tu, siyo damu, na huisha baada ya siku moja au mbili. Dawa hiyo jina lake doksorubisini, na ilitokana na bakteria wa udongoni waliookotwa Italia. Mwambie hilo, pengine hakuna aliyemwambia, na mtu anayeamini amekojoa damu ana haki ya kuikimbia dripu.

Sasa swali lako kubwa. Mimi nimeuza dawa dirishani miaka zaidi ya ishirini, si daktari wa saratani, lakini hili la mimea nimelisoma kwa mapenzi. Jibu ni ndiyo, mimea imetoa dawa za saratani, tena kubwa. Mjomba hajakosea hapo, na ukianza kwa kumbishia hapo utashindwa mapema.

Kwenye vibaraza vingi vya Dar, na makaburini, kuna ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, linachanua mwaka mzima hata lisipomwagiliwa. Asili yake Madagaska. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha yenye majani 25 ya mmea huo kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kama chai ya kisukari. Akampa mdogo wake Robert, mtafiti. Panya waliponyweshwa, sukari haikutikisika. Walipodungwa sindano ya maji ya majani hayo, walikufa kwa maambukizi. Robert Noble na mkemia Charles Beer walipochunguza kwa nini, wakakuta chembe nyeupe za wale panya zimeporomoka.

Soma tena hapo, mwanangu. Mmea huo haukupandisha kinga. Uliiangusha. Na ni kwa sababu uliiangusha ndipo wakawaza leukemia, saratani ambayo chembe nyeupe zenyewe ndizo zinazaliana bila kikomo. Mwaka 1958 wakaitangaza dawa waliyoitoa humo, ambayo sasa tunaiita vinblastini, na dada yake vinkristini akafuata miaka michache baadaye. Vinkristini ndiyo inayotumika hadi leo kwa watoto wenye ule uvimbe wa taya ambao Afrika Mashariki tunaujua vizuri mno. Na mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, kwenye mshipa tu. Miligramu mbili ni chembe ya unga ambayo ukipiga chafya inapotea. Ikizidi, inaharibu neva. Ukiona ua lile, usimpe mtu chai yake.

Hadithi ya pili inamhusu mama yako moja kwa moja. Hizo kemo nne za pili, kama daktari anafuata mpango uliozoeleka wa titi baada ya dripu nyekundu, huenda zikawa za paklitakseli. Hiyo imetoka kwenye magamba ya mti wa misitu ya magharibi ya Marekani. Magamba yalikusanywa mwaka 1962. Watafiti waliochuja, Monroe Wall na Mansukh Wani, walitumia kilo 12 za magamba makavu kupata nusu gramu ya dawa. Ikaruhusiwa kutumika kwa wagonjwa mwaka 1992. Miaka thelathini. Humo ndani ilijulikana kiasi gani kinaua uvimbe, kiasi gani kinaua mtu, inatoka mwilini kwa njia gani, inagombana na dawa zipi. Yote hayo hayamo kwenye chupa ya shilingi 90,000.

Na ile habari kwenye simu ya mjomba? Inawezekana kabisa ni ya kweli. Majani ya mstafeli yana kemikali ambazo zikimwagiwa seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, zinaziua. Lakini hata spiriti niliyokuwa nauza dirishani ingeziua. Kazi ngumu ni kuua seli ya saratani ukiacha ya jirani yake hai, ndani ya mtu anayekula, anayelala, mwenye ini na figo. Na kemikali hizohizo za mstafeli zina upande mwingine: kisiwani Guadeloupe, ambako watu hunywa chai ya majani hayo na kula tunda lake kwa wingi, madaktari walitangaza mwaka 1999 kwamba wanaona wagonjwa wengi mno wa ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na ule wa Parkinson, wakauhusisha na mmea huo. Stafeli la kula mara mojamoja halina neno, nalipenda mwenyewe. Majani yaliyochemshwa yakakolea, glasi mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa, hilo ni jambo jingine.

Tufike kwenye neno lenyewe, kinga. Hapa mjini neno hili lilituingia kupitia UKIMWI. Tulijifunza kwamba kinga ni CD4, ni namba moja, ikishuka mbaya, ikipanda nzuri. Wauza chupa wamelirithi hivyo hivyo, na ndiyo maana mjomba aliposikia "chembe nyeupe zimeshuka" akaona jibu liko wazi. Lakini zilizoshuka kwa mama yako, kwa kawaida, ni aina nyingine, neutrofili, wale wanaopambana na bakteria. Zinashuka kwa sababu kemo inapiga kila seli inayozaliana haraka, na kiwanda cha uboho hakipumziki. Kazi yao siyo hasa kuua uvimbe wa titi. Zikipanda, mama hapati maambukizi. Uvimbe unabaki pale pale ukisubiri dawa yake. Na ipo dawa ya kweli ya kuzipandisha, sindano inaitwa filgrastimu. Kamuulize daktari kama mama anaihitaji. Mara nyingi, hata bila hiyo, ni kusubiri wiki moja tu. Kuahirishiwa kemo wiki moja ni jambo la kawaida kabisa, hakuna maana ya kwamba matibabu yameshindikana. Laiti mtu pale angewaambia hivyo, yale machozi ya kwenye daladala yasingekuwepo.

Basi kinga inayoua saratani haipo? Ipo. Fikiria ulinzi shirikishi wa mtaani kwenu. Wanajua kumkamata mgeni anayeruka ukuta. Saratani siyo mgeni. Ni mtoto wa nyumba hii hii aliyeharibika, walinzi wanamjua, anawasalimia, anapita. Kuongeza walinzi kumi zaidi hakusaidii kama wote wanamwitikia salamu. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua namna saratani inavyotumia breki za walinzi hao, na namna ya kuziachia. Dawa zilizotokana na kazi hiyo zimewaponya baadhi ya watu waliokuwa wameshakatiwa tamaa. Lakini breki zikiachiwa, walinzi wakati mwingine wanavamia nyumba zisizo na kosa: utumbo, mapafu, ini, tezi ya shingoni. Ndiyo sababu mgonjwa wa dawa hizo hupimwa kila mara. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa yake "inapandisha kinga", muulize: ipi? Inawaamsha walinzi gani, na nani atawarudisha nyumbani wakianza kupiga watu?

Mimea inayogusa kinga inatafitiwa, na si ya huko mbali tu. Huko Kolkata, India, kuna watafiti waliochuja protini yenye sukari kutoka majani ya mwarobaini, wakaona kwenye panya inawaamsha hao walinzi dhidi ya uvimbe. Panya, lakini. Ulaya, hasa Ujerumani na Uswisi, sindano za mmea unaoota juu ya miti mingine zimedungwa kwa wagonjwa wa saratani kwa takriban miaka mia moja kwa hoja ya kuamsha kinga, na mpaka leo ushahidi kwamba zinarefusha maisha ni dhaifu. Miaka mia, kwa mmea mmoja, wenye jina, uliopimwa! Sisi tuna chupa ya mimea mitatu na mizizi miwili ya siri.

Huko kwenye siri ndiko wasiwasi wangu mkubwa uliko. Sibishani na mimea. Nabishana na kutojua. Ini la mama yako ndilo linalochakata dripu, na ndilo linalochakata chupa. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa watano wa kemo mmea unaotumika Ulaya kwa huzuni, mmea ambao watu huununua kama majani ya chai. Kiasi cha dawa ya saratani kilichokuwa kinafanya kazi kwenye damu kilishuka kwa asilimia 42. Mgonjwa alilipa kwa nywele zake na kutapika kwake, na karibu nusu ya dawa ikapotea. Mmea mwingine unaweza kufanya kinyume, dawa ikabaki mwilini ikawa sumu.

Kuna na la aibu zaidi. Zipo dawa za "asili", nchi mbalimbali, zilizopimwa zikakutwa zimechanganywa kisirisiri na deksamethasoni au ndugu zake. Dawa hizo zinaleta njaa na nguvu ndani ya siku mbili, mgonjwa anasema amefufuka, na huku zinalaza kinga. Simtuhumu muuzaji wa mjomba, simjui. Nasema tu kwamba kupata nafuu ya haraka kwa chupa isiyo na lebo hakuthibitishi kitu. Na hata kama kilichomo ni majani matupu, maji ya majani yaliyokaa kwenye chupa ya plastiki siku tano kwenye joto la Mbagala ni shamba la bakteria. Kwa mimi na wewe ni kuharisha. Kwa mtu asiye na neutrofili inaweza kuwa kifo.

Mwaka 2011 dada yangu wa kuzaliwa alipanda gari mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile, kilichosemwa kinatibu magonjwa sugu, shilingi 500. Wengi mnakumbuka foleni zile. Dada alikuwa na kisukari. Alirudi anang'aa, akaweka sindano zake za insulini kwenye droo. Hatukumbishia, alikuwa na furaha mno. Wiki ya pili tulimbeba amepoteza fahamu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mguu mmoja haukurudi sawa. Ninachojuta ni ule ukimya wetu, tulioupa jina la heshima.

Uzito wa kuacha kemo unajulikana kwa namba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 ulinganisho wa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa haijasambaa mbali: waliochagua tiba mbadala peke yake na waliopata tiba ya hospitali. Kwa jumla waliochagua mbadala walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi. Kwa saratani ya titi peke yake, zaidi ya mara tano. Siyo kwamba majani yaliwaua. Muda uliwaua.

Sasa nyumbani. Mwambie mama wewe, peke yenu, mjomba asiwepo. Chagua wakati ameshakula. Usianze na Ocean Road wala na Nobel. Anza na kosa lako: "Mama, nimekukosea. Dawa ya mjomba ilipokuwa inakuumiza niliogopa, nikaimwaga, nikakuwekea chai. Nafuu uliyoipata ni ya mwili wako." Kisha nyamaza. Atakasirika, pengine atakaa siku nzima hasemi na wewe. Vumilia, usijitetee. Nadhani, na hapa naongea kama mama, ndani ya hasira hiyo atasikia pia kitu kizuri: kwamba zile nguvu za kufua kanga zilikuwa zake.

Halafu msikilize anaogopa nini. Mtu anayesema "sitaki kemo" mara nyingi anasema "sitaki vidonda vya mdomo" au "sitaki kurudishwa tena njiani." Vidonda vina dawa ya kusukutulia, kichefuchefu kina vidonge, na kama alivyopewa havikufaa, vipo vingine. Hayo aseme mwenyewe kwa daktari, siyo wewe kwa niaba yake. Na akishajua yote, chai, namba, kila kitu, akasema bado hapana, mwili ni wake, mwanangu. Lakini aamue akiwa anajua, na mpaka sasa hajui.

Mjomba usimwaibishe. Hilo la chai asilisikie mbele ya watoto, wala lisigeuke kuwa hadithi ya kumcheka kwenye shughuli za ukoo. Mtu anayetaka kuuza pikipiki kwa ajili ya dada yake si adui yako. Mwombe Jumatano awasindikize, kaka mkubwa, akae ndani ya chumba cha daktari, aulize maswali yake yote, aseme mmea gani na mmea gani. Daktari aambiwe wazi kwamba mama alikunywa siku tano na tumbo likamwendesha, ili kabla ya dripu waangalie ini na figo pamoja na damu. Wasiwe wakali, na wakiwa wakali, vumilieni, taarifa ni muhimu kuliko heshima zetu za siku moja.

Kwa muuzaji, mjomba aende na maswali mawili tu. Mizizi miwili ni ipi? Na je, amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ya mwaka 2002 inawatambua waganga wetu na kuwataka wasajiliwe, kwa hiyo hakuna tusi katika kuuliza. Muhimbili nako kuna taasisi ya tiba asili ambayo kazi yake tangu miaka ya sabini ni kuchunguza mimea yetu hii hii. Akijibiwa kwamba ni siri ya ukoo, basi siri hiyo isikutane na dripu.

Hela ya chupa nne ni shilingi 360,000. Hizo ni bajaji za kwenda na kurudi ili mama asibanwe kwenye daladala akiwa kinga iko chini, ni mayai ya kuchemsha mpaka yaive, dagaa, maharage, mchicha uliopikwa ukaiva. Tangawizi kwenye chai, mlonge kiasi cha mboga, manjano kwenye mchuzi, havina shida kwa kiasi cha chakula. Juisi ya miwa ya barabarani na kachumbari ya mama lishe, aziache kwanza. Maji yachemshwe.

Na nunua kipimajoto leo, duka lolote la dawa wanacho. Baada ya dripu mama akifikia nyuzi 38, hata saa nane ya usiku, msimpe Panadol mkasubiri asubuhi, wala msimpe dawa ya mseto mkidhani ni malaria, kama tulivyozoea hapa mjini kila homa. Nendeni hospitali iliyo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe "yupo kwenye kemo." Mjomba ana pikipiki na anaijua njia usiku, hiyo kazi mpe yeye.